Daraja la pili la chini, miaka minne kwenye agroveti: naombaje uzamili wa ulinzi wa mimea hapa Nairobi?

Kaunta_ya_Dawa (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, habari za jioni.

Nina miaka 29, nauza dawa kwenye agroveti moja (duka la pembejeo) huku Kangemi, huu mwaka wa nne. Digrii ninayo, ya kilimo, daraja la pili la chini. Nilihitimu miaka mitano iliyopita. Chuo sikitaji kwa sababu hakina kosa, mimi ndiye niliyesinzia kwenye takwimu.

Nataka kuomba uzamili wa ulinzi wa mimea na udhibiti wa wadudu waharibifu. Fomu nimezifungua mara tatu na kila mara nakwama palepale, kwenye ule ukurasa wa kueleza kwa nini unataka kozi hii. Naandika "nimependa kilimo tangu utotoni", nafuta. Naandika "kuchangia usalama wa chakula nchini", nafuta hata haraka zaidi. Utoto wangu ulikuwa Kawangware, shamba nililiona likizoni.

Je, kwa daraja hili nachukuliwa? Niombe hapa au nje? Msimamizi hutafutwa kabla ya kuomba au baada? Na ule ukurasa, jamani, watu huandika nini?

Mbishi_Halisi

Huandika uongo. Inayofuata.

Inzi_Mweupe

Nakaa hapa nisome majibu. Mimi niko daraja hilohilo na fomu hiyohiyo.

MwanaKabete

Dada, tulia. (Kama ni kaka, niwie radhi.) Nimemaliza Kabete, najibu ninayoyajua.

Daraja: vyuo vingi vya hapa huomba la pili la juu. Mwenye la chini hupita kwa mlango wa uzoefu, mara nyingi miaka miwili ya kazi inayohusiana na kozi. Wewe una minne. Shida ni kwamba umejiandika "nauza dawa", na ukimwacha bosi wako aandike barua ya kazi ataandika hivyohivyo: "ni muuzaji mwaminifu." Uaminifu ni mzuri lakini haukuombei nafasi. Barua iseme unatambua ugonjwa kwa jani lililoletwa, unashauri kipimo, unajua siku za kusubiri kabla ya kuvuna, unaweka kumbukumbu. Kama hayo unayafanya, iandike mwenyewe rasimu umpe asome na kutia sahihi. Wengi wanapenda kusaidiwa kazi hiyo.

Mahali: Chuo Kikuu cha Nairobi, idara ya sayansi ya mimea na ulinzi wa mazao iko Kabete ya Juu. Usiende bewa la mjini kupiga foleni kama mimi, nilipoteza asubuhi nzima nikaambiwa nipande matatu ya Waiyaki Way. Toka Kangemi unafika kabla chai haijapoa. Kuna pia JKUAT kule Juja, Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Egerton kule Njoro ikiwa uko tayari kuhama.

Msimamizi: kabla. Kwenye karatasi chuo hukupangia baadaye. Kwa uhalisia, anayeingia akiwa tayari anajulikana na mwalimu mmoja huanza utafiti mapema, na asiyejulikana huzunguka korido. Kozi ni mwaka wa madarasa na mwaka wa utafiti, ila utafiti wa mimea una ujanja wake: ukikosa mvua za Machi, unasubiri za Oktoba. Nilikosa mara moja. Sitaki kuzungumzia.

Kantangaze_TZ

Wakuu, mimi Mtanzania, niko Kasarani kwa udaktari wa wadudu. Nirekebishe jambo ambalo watu hukosea sana: icipe haitoi digrii. Ni kituo cha utafiti, kilianzishwa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na kiko pale Duduville (ndiyo, jina ni hilo, mama yangu hadi leo anacheka). Unasajiliwa chuo kikuu, kisha utafiti unaufanyia hapa. Wa udaktari huja kwa mpango uitwao ARPPIS, ambao upo tangu 1983. Wa uzamili huja kwa mpango mwingine, DRIP, na huyo lazima awe na chuo chake kwanza, au walau mradi uliopo uwe unamtafuta.

Kwa hiyo usitume maombi ya "kujiunga na masta icipe". Watu wa ofisi husoma hayo kila wiki.

Halafu mkuu, umesema umehitimu miaka mitano iliyopita? DAAD, wale wafadhili wa masomo wa Ujerumani, kwenye ufadhili wao wa ndani ya nchi na ndani ya kanda huangalia digrii ya mwisho isizidi miaka sita. Piga hesabu leo, si mwakani.

Kaunta_ya_Dawa

Ni dada. Asanteni.

Hiyo ya miaka sita imenikosesha usingizi, sikuijua kabisa.

Mbishi_Halisi

Swali langu hamjalijibu. Akimaliza masta ya wadudu atakula wadudu? Mtaani kuna wenye masta wanauza mitumba Gikomba na wanauza vizuri kunishinda.

Skauti_wa_Waridi

Mbishi, njoo Naivasha nikuonyeshe. Mimi hulipwa kutembea kati ya mistari ya waridi na lenzi shingoni nikihesabu utitiri, thripi na FCM, nondo yule anayejificha ndani ya kitumba. Ulaya wamemweka kwenye orodha ya wadudu wa karantini. KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, wakimkuta uwanja wa ndege, shehena haiendi popote. Akionekana mmoja kwenye sanduku, kampuni nzima haipati usingizi. Waliosoma hii kozi ndio hukaa na mameneja siku hiyo. Mimi nina stashahada, nakaa nje nikisubiri kuambiwa.

Sisemi kazi zimejaa. Nasema zilizopo haziwezi kufanywa na mtu wa kukisia.

Mzee_wa_Uthiru

Mwanangu Kaunta, nimesoma uzi wote. Mimi nilikuwa afisa wa ugani, nimestaafu. Dumuzi wa mahindi alipoingia kupitia Taveta mwaka 1983 hatukumjua. Wakulima walituambia kuna mdudu anayegeuza ghala kuwa unga, sisi tukawaambia ni fukusi wa kawaida, kausheni vizuri. Walikuwa wameona sawasawa. Sisi ndio tuliokuwa na vyeti.

Nina swali moja tu. Wiki iliyopita, ni mteja gani alirudi dukani kulalamika, na alilalamikia nini?

Kaunta_ya_Dawa

Mzee, shikamoo.

Walirudi wengi lakini kuna mmoja sijamsahau. Ana grinihausi ya nyanya Wangige. Alikuja na jani lenye vichuguu vyeupe vya Tuta, yule kiwavi wa nondo wa nyanya, na nyanya mbili zilizotobolewa karibu na kikonyo. Anasema amepulizia mara nne, na kila mara amebadilisha dawa kama tulivyomfundisha. Nikamwambia kesho njoo na chupa. Akaja nazo tatu kwenye kikapu.

Kampuni tatu, rangi tatu, bei tatu. Nikazipindua nikasoma kiambato. Mbili zina kiambato kimoja, ya tatu ina ndugu yake. Zote kundi la 28 kwenye orodha ya IRAC, kamati ya kimataifa inayopanga dawa kwa namna zinavyomuua mdudu, yaani zinamgonga mdudu mahali pamoja kwenye misuli. Sisi tulimwambia "badilisha dawa", naye alitii. Alibadilisha chupa.

Moja ya hizo chupa nilimuuzia mimi. Risiti ina sahihi yangu.

MwanaKabete

Simamisha kila kitu. Huo ndio ukurasa wako. Utoto wa Kawangware weka kando.

Inzi_Mweupe

Nimesoma hiyo mara mbili. Mimi pia nimeuza hivyo.

Kantangaze_TZ

Huku kwetu Tuta tunamwita kantangaze, na jina langu hapa si bahati mbaya. Kenya aliingia 2014, na tangu hapo mkulima wa nyanya analipa kodi mbili, ya serikali na ya huyu mdudu.

Lakini mkuu Kaunta, usikimbilie kuandika "wadudu wa Wangige wamekuwa sugu". Hujui bado, na mwalimu mkali atakukamata hapohapo. Dawa inaweza kushindwa kwa sababu nyingi ambazo usugu haumo. Kiwavi anaishi ndani ya jani, kati ya ngozi mbili, tone lisipopenya halimfikii. Mkulima anapulizia saa saba jua likiwaka. Pampu ya mgongoni ina pua iliyochakaa. Kifuniko cha chupa kinatumika kama kipimo na kila chupa ina kifuniko chake. Maji yana chumvi. Grinihausi ina wavu uliotoboka, nondo wapya wanaingia kila usiku. Ukishaondoa hayo yote ndipo unauliza usugu.

Swali zuri la uzamili ni hilo la katikati: kinachoshindwa ni dawa au ni upuliziaji? Unaweza kulijibu. Unakusanya viwavi kutoka grinihausi kadhaa, unawalea hadi kizazi kinachofuata, unachukua wadogo wa umri mmoja, unachovya majani ya nyanya kwenye dawa ya nguvu tofauti tofauti, pamoja na majani ya maji matupu, unahesabu waliokufa baada ya siku tatu. Wanaokufa kwenye maji matupu unawatoa kwenye hesabu kwa kanuni ya Abbott ya mwaka 1925. Ndiyo, 1925, na bado inatumika kila siku. Takwimu ulizosinzia zimekufuata.

Kaunta_ya_Dawa

😭 Nilijua zitanifuata.

Skauti_wa_Waridi

Ongeza hili la intavyu maana niliulizwa nikaanguka. "Eleza tofauti kati ya kiwango cha hasara na kizingiti cha kuchukua hatua." Nilisema ni kitu kimoja. Si kimoja. Kiwango cha hasara ni idadi ya wadudu ambapo uharibifu unaanza kuzidi gharama ya kuwadhibiti. Kizingiti kiko chini yake, kwa sababu ukisubiri wafike kwenye hasara, siku unayonunua dawa na kuvaa buti wameshapita. Wazo hilo lilitoka kwa wataalamu wanne wa wadudu wa California mwaka 1959, na ndilo mgongo wa udhibiti husishi hadi leo: huangamizi, unahesabu kwanza.

Kwetu kwenye maua ya kuuza nje mambo ni magumu zaidi. Mnunuzi hataki kuona hata mmoja, kwa hiyo kizingiti kinakaribia sufuri. Nilipoeleza hivyo jopo liliamka, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

Mbishi_Halisi

Sawa, nimeanza kuwaelewa kidogo. Kidogo. Sasa nani analipa karo ya dada wa watu?

Aliyeko_Baridi

Nimesoma nikiwa Marekani, nichangie upande wa nje.

Huku uzamili wa utafiti hulipwa aghalabu na ruzuku ya profesa, kwa hiyo humwombi chuo, unamwomba mtu. Kabla ya fomu unatuma barua pepe fupi. Mimi kosa langu la kwanza niliandika barua moja nikawatumia maprofesa 14 kwa mpigo, anwani zao zote zikionekana juu, na salamu ikisema "Mpendwa Bwana". Watano kati yao ni wanawake. Nilijibiwa na mmoja tu, akaniambia kwa upole nijaribu tena mwakani.

Angalia pia aina ya digrii. Florida wana shahada inaitwa Daktari wa Tiba ya Mimea, nayo haina tasnifu: unasoma magonjwa, wadudu, magugu, udongo, kisha unafanya mafunzo kazini kama wafanyavyo madaktari wa mifugo. Ni nzuri kwa atakayerudi kutibu mashamba. Kwa anayetaka maabara, siyo. Uingereza kuna Harper Adams, wanafundisha udhibiti husishi kama kozi kamili, na Uholanzi kuna Wageningen. Wote wazuri, wote ghali bila mfadhili.

Lakini niseme ukweli wangu: kama swali lako liko Wangige, mbona uhame? Nilikuja huku nikapewa mdudu wa soya ambaye sikuwahi kumwona maishani.

Inzi_Mweupe

Na jeshi la viwavi? Nilitaka kuandika kuhusu viwavijeshi vamizi wa mahindi.

MwanaKabete

Inzi, kila fomu ya pili ina viwavijeshi tangu walipofika 2017. Si vibaya, ila ujue foleni ni ndefu. Kuna vitu vimekaa upweke. Nematodi wa vifuko wa viazi, minyoo wadogo wa udongoni, waliripotiwa hapa 2015 na mkulima wa Nyandarua bado anadhani udongo wake "umechoka". Kuna waliojaribu kufunga mbegu za viazi kwa karatasi ya nyuzi za mgomba ili kuwapoteza nematodi njia, na ikafanya kazi. Lakini usichukue hilo kwa kuwa nimelitaja mimi. Chukua ulichokiona. Kaunta hakwenda kutafuta mada, mada ilimletea kikapu.

Karo sitaji, hubadilika. Soma jedwali la idara la mwaka wenyewe. Ninachoonya ni gharama ambayo haimo kwenye jedwali: vibanda vya kulelea wadudu, nauli ya kwenda mashamba, dawa halisi za kufanyia majaribio, na kuchapisha makala, kwani vyuo vingi vitakudai makala kabla ya kuhitimu. Muulize msimamizi mapema kama ana mradi unaobeba hayo.

Na wa kukuandikia barua za mapendekezo: wawili kutoka chuo, mmoja kutoka kazini. Wape wiki tatu. Mwalimu aliyekufundisha miaka mitano iliyopita hakukumbuki, mpelekee transkripti na picha.

Inzi_Mweupe

Kuhusu transkripti, anza leo. Kuna chuo kimoja nilisubiri wiki saba, nikaambiwa faili langu liko kwenye jengo linalokarabatiwa. Na tovuti ya maombi ya kwingine ilikatalia kwenye asilimia 90 usiku wa mwisho, nikiwa saiba, mwenye saiba akivuta mlango wa chuma. Nilituma kesho yake, ikakataa.

Mzee_wa_Uthiru

Mwanangu, anza daftari. Kila anayekuja na jani, andika zao, mahali, alichopulizia, mara ngapi, kundi la dawa. Jina lake usiandike, na umwombe ruhusa. Mwezi mmoja tu. Na ukitaka kujua dawa gani zimesajiliwa kwa nyanya, Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu iko Loresho, nayo ni hapo tu juu ya barabara yenu.

Kaunta_ya_Dawa

Wiki tatu baadaye. Wadau, nimerudi.

Daftari lina wateja 41 wa nyanya. Ishirini na sita wamewahi "kubadilisha dawa" msimu huu. Kati yao, kumi na saba walikuwa wamebaki ndani ya kundi lilelile. Najua hiyo siyo sampuli, ni foleni ya duka moja la Kangemi, na nimeandika hivyo.

Ukurasa sasa unaanza hivi (nimeuandika kwa Kiingereza, hapa natafsiri):

"Nimefanya kazi miaka minne kwenye duka la pembejeo. Mwaka huu mkulima aliniletea chupa tatu za dawa zilizoshindwa kumuua Tuta, na moja nilimuuzia mimi. Zote zilikuwa za kundi moja. Nataka kujua kama kwenye grinihausi za eneo hili dawa hizo zimeshindwa kwa sababu mdudu amekuwa sugu, au kwa sababu ya namna zinavyopuliziwa, kwa kuwa ushauri ninaopaswa kutoa kaunta ni tofauti kabisa katika hali hizo mbili."

Nimemtumia mwalimu mmoja wa Kabete. Mmoja tu. Nilitaja jina lake sawasawa na makala yake niliyosoma.

Mbishi_Halisi

"Katika hali hizo mbili" toa, inatosha kusema "ni tofauti kabisa". Vingine vizuri. Nimesema vizuri, msinifanyie sherehe.

MwanaKabete

Ile ya kwamba chupa moja ulimuuzia wewe, iache ibaki. Usimwache mtu akushauri uifute ati inakuharibia jina. Hiyo ndiyo iliyonifanya nisome hadi mwisho.

Kaunta_ya_Dawa

Amejibu!!! Mistari miwili. Anasema daraja langu ataliongelea na idara, niende Jumanne saa nne, na "njoo na viwavi hai kutoka kwa yule mkulima wa kikapu, nione kama unaweza kuwafikisha wakiwa wazima."

Nasafirishaje viwavi kwa matatu??

Kantangaze_TZ

Kopo la plastiki, toboa kifuniko, ziba kwa kitambaa chenye matundu madogo sana maana viwavi hupenya popote. Chuma jani zima na kikonyo chake, zungushia pamba yenye maji kwenye kikonyo, viwavi waache ndani ya vichuguu vyao, usiwatoe. Weka karatasi ya tishu chini ifyonze unyevu. Andika kwenye kopo tarehe, mahali na dawa ya mwisho aliyopulizia.

Skauti_wa_Waridi

Na usikae upande wa jua. Wala usimwambie makanga kilicho ndani, atakutoza mizigo.